Faini Aliyotozwa Babu Yako

Mwanangu, ipo siku moja ya usichana wangu ninayoikumbuka kila nikikusikia unaongea kwenye simu kuhusu masomo yako. Ni siku ya posa yangu, hapa hapa Kimisagara, mwaka wa tisini na mbili. Nimekuwa nikikwepa kukusimulia kwa sababu inaanza kwa kicheko na haiishii huko. Lakini sasa umeingia chuo kikuu kusomea amani na utatuzi wa migogoro, na juzi ulipokaa mezani ukanieleza kwamba mpatanishi mzuri huanza kwa kuuweka ukweli wote hadharani, nilinyanyuka nikaenda jikoni kutazama wali uliokuwa umeshaiva zamani. Ulidhani nimechoka na darasa lako. Sikuchoka. Nilikuwa namkumbuka mjomba wako Idrisa na tai yake.

Usinielewe vibaya. Ninajivunia wewe mpaka naona haya. Nimewatangazia wateja wangu wote, hata wale wanaoleta suruali ya kupunguza tu, kwamba binti yangu anasomea kupatanisha watu. Mmoja aliniuliza kama utaweza kumpatanisha na mama mkwe wake, nikamwambia asubiri umalize mwaka wa kwanza.

Basi nisikilize. Babu yako mzaa baba, Mzee Abdallah, wewe hukumwona. Alikuwa mfugaji wa Kinyinya, na Kinyinya ya wakati ule ilikuwa mashamba na malisho, siyo hizi nyumba zinazoota kila wiki. Alishuka mjini na baiskeli kuuza maziwa. Mteja wake wa Kimisagara alikuwa bibi yangu, mama yake baba yangu. Bibi alikuwa hamwachi aondoke bila kukaa. Kwanza chai, halafu habari za ng'ombe, kila ng'ombe kwa jina lake, halafu ndiyo maziwa. Alimwita mwanangu, na yeye akamwita mama. Baba yangu, aliyekuwa ameinamia cherehani yake barazani, akamzoea kama ndugu.

Mzee Abdallah akibanwa na kazi za shamba alimtuma mwanawe Saidi. Na Saidi alikaa kwetu muda mrefu kuliko kazi ya kumimina maziwa inavyotaka. Huyo ndiye baba yako, na usimwambie nimekuambia hivi.

Mwaka wa tisini, mwezi wa Oktoba, vita vikaanza kaskazini, na siku zile zile bibi yangu akafariki. Tulimzika siku hiyo hiyo, kama ilivyo desturi yetu. Watu walikuja kutoka Nyamirambo, kutoka Biryogo, hata waliokuwa wamenuniana naye walikuja. Mzee Abdallah hakuja. Habari zilimfikia, tulijua, kwa sababu aliyetumwa alirudi akasema amempa mkononi. Hakuja siku hiyo, wala matanga hakuyaona. Alipotokea tena ilikuwa wiki nyingi baadaye. Alisimama mlangoni, akatoa pole akiwa ameinamisha macho, akaondoka. Hakueleza kitu. Baba naye hakuuliza kitu. Ndivyo tulivyo watu wa hapa, tunaweza kumpa mtu chai miaka mizima na kinyongo tumekikalia.

Mimi nilijua sababu. Saidi alikuwa ameniambia, akaniapisha nisimwambie hata mama yangu. Nikanyamaza, na baba akazidi kuumia, na katikati ya mambo hayo yote sisi wawili tukataka kuoana.

Sasa hapa lazima nikukumbushe desturi, maana nyinyi vijana siku hizi mnaikodi pamoja na viti. Siku ya posa, tunayoiita gusaba, familia mbili zinakaa zinatazamana. Kila upande una msemaji wake. Wageni wakiomba mke, msemaji wa wenyeji hakubali. Anawashtaki kwanza. Atasema ng'ombe wenu walikula mtama wetu, shangazi yenu alitutukana kisimani, babu yenu aliondoka na mkeka wetu. Msemaji wa wageni anajitetea, anaomba radhi, watu wanakufa kwa kicheko, mambo yanasonga. Yote ni uongo na kila mtu anajua ni uongo. Ndiyo raha yake. Jambo moja tu halifanywi, nalo ni kuingiza shtaka la kweli. Hakuna aliyewahi kutufundisha hivyo, ni kama vile hakuna anayekufundisha usile ukiwa umesimama msibani.

Msemaji wetu alikuwa Mwalimu Yusufu, mwalimu wa madrasa, mtu wa maneno matamu na sharubu alizozitunza kuliko vitabu vyake. Alikuwa amehamia mtaani kwetu mwaka uliotangulia tu, akitokea Gisenyi. Asubuhi ile alimwambia baba, "Nipe shitaka moja la kuwasumbua wakwe." Na baba yangu, Mungu amrehemu, akampa lile lililokuwa likimkaba. Akamwambia, waulize kwa nini hawakuja kumzika mama.

Mwalimu akadhani ni utani. Angejuaje?

Mimi nilikuwa ndani nimefungiwa na shangazi yangu Mariamu, nimevalishwa mshanana mpya, lile vazi letu la sherehe la kufunga begani, nimepakwa mafuta mpaka nateleza. Bibi harusi haonekani mpaka aitwe. Nilikuwa nimeweka sikio dirishani. Mambo yalianza vizuri. Mwalimu alidai mgeni mmoja amekanyaga kuku wetu. Msemaji wa wageni, mtu wa Remera aliyealikwa kwa sababu ya ulimi wake, akajibu kwamba kuku mwenyewe alimkanyaga mgeni. Tulicheka hata sisi wa ndani.

Kisha Mwalimu akasema, kwa sauti yake ile ya kunata, "Kuku tumewasamehe. Lakini tulifiwa na mama katika nyumba hii, na nyinyi hatukuwaona kaburini. Leo mnataka mjukuu wake?"

Yule wa Remera akarukia. "Ah, Mwalimu, tulikuja! Tulikuta mumemaliza chakula, tukarudi!"

Upande wa wageni walicheka. Upande wetu hakuna aliyecheka. Wadogo zake bibi walikuwa wamekaa mbele pale, wanawake wazima, na nyuso zao zikageuka. Kicheko cha wageni kikafa kimoja kimoja. Halafu nikasikia sauti ya baba yangu, ambaye siku ile hakutakiwa kusema hata neno.

"Wewe wa Remera sikuulizi wewe. Nataka Abdallah anijibu na kinywa chake."

 Baba yako aliniambia baadaye kwamba alimwona baba yake akitazama ardhi katikati ya miguu yake kana kwamba ameangusha kitu. Mmoja wa wageni akaanza kutafuta viatu vyake. Ukiona mgeni anatafuta viatu katikati ya posa, ujue posa imeingia maji.

Ndipo mjomba wako Idrisa aliposimama. Kaka yangu alikuwa anasomea sheria chuo kikuu huko Butare, alikuja kwa ajili yangu tu, na alikuwa na tai pana ya rangi ya damu ya mzee iliyomfika tumboni. Alikuwa na moyo safi kabisa, nataka ulielewe hilo. Alitaka nipate mume.

"Bazee wangu," alisema, "naomba tufanye kama watu wenye akili. Iko njia. Kila upande useme yote, hapa, wazi. Abdallah aseme alikuwa wapi ile siku. Baba aseme alivyoumia. Tukijua ukweli, hasira itaisha."

Watu wengi wakaitikia. Mwanangu, hata mimi kama nisingejua ninachokijua ningeitikia. Ni maneno mazuri. Ni maneno yako ya juzi, karibu neno kwa neno.

Lakini katika safu ya mbele, kwenye kiti chenye mto, alikuwa amekaa konseye wa sekta, mkubwa wa serikali mtaani. Katika miaka ile ulikuwa hufanyi shughuli bila kumwalika. Alishusha chupa yake ya Fanta, akasema taratibu, "Huyu kijana anasema vizuri. Na mimi ninapenda kusikia. Alikuwa wapi?"

 Niliinuka nikaenda mlangoni, nimeshika kitasa. Shangazi akanidaka mkono.

"Reka! Wewe mutoto iko na akili kweli? Mugeni, bibi harusi muzima, anatoka mbele hawajamuita, uliona wapi?"

"Shangazi, watamkamata."

"Nani?"

Nilikuwa nimeapa, na nilijua Saidi huenda asinisamehe. Lakini nikamwambia. Nikamwambia kwamba Mzee Abdallah alikuwa anakuja kwenye maziko. Alivaa kanzu yake, akachukua baiskeli, na kwenye kizuizi cha barabarani wanajeshi wakatazama kitambulisho chake, wakaona ameandikwa Mtutsi, wakasema ni icyitso, yaani msaidizi wa adui. Siku zile walikuwa wanawasomba watu kwa neno hilo moja. Walimfungia, wakampiga mpaka masikio yakatoka damu. Aliyemtoa alikuwa askari aliyewahi kunywa maziwa yake, tena alimtoa kinyemela, akamwambia, ukiulizwa sema ulikuwa shamba, na siku ukifungua mdomo tutakufa wawili. Kwa hiyo mzee yule hakuwa na jibu la kumpa baba. Akisema ukweli mbele ya konseye, anarudi kule kule. Akisema alikuwa shamba, ameniharibia ndoa, kwa sababu nani anabaki shambani mama yake anapozikwa?

Shangazi alinitazama.  Alichukua kikombe cha mti kilichokuwa mezani, akakijaza maziwa, akajifunga kitenge vizuri, akatoka nje kwa mwendo wa mtu asiye na haraka yoyote duniani. Nikamwona kupitia pazia. Alimwinamia Mwalimu Yusufu kumkabidhi kikombe, na alipoinama aliinama muda mrefu kidogo, mdomo ukiwa karibu na sikio lake.

Mwalimu akapokea. Akanywa. Watu wote wanamngoja na yeye anakunywa, mpaka kikombe kikakauka. Nadhani alikuwa anapanga la kusema. Kisha akapangusa sharubu na kucheka, na mimi na shangazi peke yetu tulijua kicheko kile kilivyokuwa kizito kukibeba.

"Idrisa, kaa chini," alisema. "Hapa hatukuja mahakamani, tumekuja kuozesha. Wewe ukiwa hakimu tutakuletea kesi. Na wewe konseye wetu, naomba sana, huu ndio mchezo wetu wa posa. Ukitusaidia tutaumaliza saa ngapi? Pilau inapoa."

Watu wakacheka kidogo, kwa kutaka kucheka. Konseye naye akatabasamu, maana pilau ilikuwa inanukia kweli.

"Sasa sheria ya nyumba hii ni hii," Mwalimu akaendelea. "Mshitakiwa ana ruhusa ya kukubali kosa bila kutuchosha na maelezo. Abdallah, unakubali?"

Mzee Abdallah akasimama. Akavua kofia yake. "Ninakubali," alisema. "Sikumzika mama yangu." Na pale aliposema mama, sauti ilimkatika, na watu wakadhani anaigiza vizuri, wakampigia makofi.

"Basi faini yako," Mwalimu akasema, "kila Ijumaa baada ya sala utashuka kutoka Kinyinya, wewe mwenyewe, siyo kutuma mtoto, uje ule nyumbani kwa huyu bwana. Mpaka yeye achoke kukuona."

Sasa kicheko kikarudi chote. Lakini Mwalimu hakuwa anawatazama wanaocheka. Alikuwa anamtazama baba yangu.

"Na wewe mwenye binti, faini inakutosha?"

Mwanangu, siwezi kukueleza jinsi nilivyomwogopa baba yangu dakika ile. Alikuwa ameombwa apokee radhi isiyo na sababu. Alikuwa hajui lolote. Alichokuwa nacho ni mama aliyezikwa bila mtu aliyemwita mwanangu, na mtu huyo amesimama mbele yake kichwa wazi, halafu umati unacheka. Angesema haitoshi, na hakuna ambaye angemlaumu. Nafikiri aliona kitu katika uso wa Abdallah. Sikuwahi kumuuliza ni nini, na sasa hayupo.

Baba akasema, "Asije mikono mitupu."

Shangazi Mariamu akapiga vigelegele kabla ya mtu mwingine yeyote, vya kishindo, kama mtu anayefunga mlango. Msemaji wa Remera akaanza kumsifu ng'ombe wa mahari. Nikaitwa, nikatoka, na wasimulizi wa siku ile husema nilikuwa nalia kwa sababu ya kuwaacha wazazi wangu. Waache waseme hivyo.

Ijumaa ya kwanza Mzee Abdallah alikuja na maziwa na mkungu wa ndizi. Baba alimwingiza chumba cha ndani, akatutoa sisi wote, akafunga mlango na dirisha. Nilipeleka chai, nikaambiwa niiache chini. Walikaa sana. Halafu nikamsikia baba yangu analia, baba ambaye kwenye maziko ya mama yake hakulia. Alipofungua mlango macho yake yalikuwa mekundu, akaniambia tu, akimwonyesha Abdallah, "Mletee baba yako chakula." Na faini ikalipwa. Ijumaa kwa Ijumaa, hata baada ya ndoa, hata siku za mvua. Baba hakuchoka kumwona.

Idrisa alinuna. Kabla hajarudi Butare alimfuata Mwalimu Yusufu, mimi nikiwa namwaga maji uani, akamuuliza alikosea nini hasa, maana chuo hakimfundishi kuficha ukweli. Mwalimu hakumkejeli. Alimwambia, "Mwanangu, swali lako lilikuwa zuri. Lakini uliuliza mbele ya nani?" Kisha akasema na yeye amekosea siku hiyo hiyo, tena zaidi, kwa kuchukua jambo asilolijua na kulifanya mchezo. Wakasimama pale wawili, mmoja anashika tai, mwingine sharubu. Mjomba wako mpaka leo ukimkumbusha siku ile, simu yake inaita ghafla.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Aprili ya mwaka wa tisini na nne, babu yako Abdallah aliuawa Kinyinya. Hakufika kwetu. Baba yangu alitaka kumfuata, tukamshika miguu. Baba yako, aliyehamia mtaani kwetu baada ya ndoa, na mama yake, aliyekuwa amekuja kututembelea, walikuwa kwetu Kimisagara, baba akawaficha nyuma ya marobota ya vitambaa, na kila walipokuja wale watu na mapanga, yeye na Mwalimu Yusufu walisimama mlangoni. Mwalimu alisimama mara moja zaidi ya alivyoweza, na siku hiyo wakamuua. Hatujawahi kumsahau katika dua.

Na hili nataka ulishike, kwa sababu nimeona katika vitabu vyako watu wanalipitia haraka. Kile hakikuwa ugomvi. Hakukuwa na pande mbili zilizokosa kusikilizana. Yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyopangwa, na hakuna msemaji wa posa ambaye angeyageuza. Mtu akikuambia wangekaa tu chini wakaongea, mwondokee. Kazi yako ni ya ugomvi wa watu. Jua tofauti, la sivyo utakuja kumwambia aliyeuliwa ndugu zake kwamba na yeye aseme upande wake.

Lakini ugomvi wa watu ni mwingi, nao pia unaua kidogo kidogo, na huko ndiko nakutuma. Kabla hujawaambia wawili wafumbue midomo, tazama nani mwingine amekaa. Mtafute yule ambaye ukweli utamgharimu, maana mara nyingi ndiye aliyenyamaza, na watu wataona kimya chake ni kiburi. Ukweli usiuzike, mwanangu. Baba yangu aliustahili, na aliupata, lakini aliupata ndani, mlango ukiwa umefungwa. Utafutie ukweli chumba kama unavyomtafutia mgonjwa. Na mtu akikuomba radhi bila kueleza, usimkamue hapo hapo. Mpe Ijumaa.

Unaniuliza, kwa macho yako hayo, ni nini kilichotegemea mambo haya ya kukaa na kucheka. Nikuambie. Kama baba angesema haitoshi, uchumba ungevunjika siku ile, na Saidi angebaki kuishi kwa baba yake. Angekuwa Kinyinya ile Aprili.

Nenda shule, binti yangu. Mwenyezi Mungu akupe masikio kabla ya kukupa ulimi, akukalishe katikati ya watu na wasikuchoke, na kila mlango utakaoufunga kwa ajili ya mwenzako aufungue Yeye kwa ajili yako. Amina. Sasa mpelekee baba yako chai, ukae naye mpaka aimalize.